Bukavu: Rakori ya trakta inayovuja, kosa dogo linaloweza kula msimu mzima

Pete ya mpira inayotosha kuvaliwa kidoleni inaweza kusimamisha trakta ya tani mbili. Ndiyo inayozuia mafuta ya hidroliki yasimwagike pale fleksibo inapoungana na trakta. Ikichakaa, mafuta yanadondoka, trela inashindwa kuinuka, na mwenye trakta anaambiwa kwamba pompi imekufa. Mara nyingi pompi ni nzima. Ugonjwa uko nje, mahali ambapo mkono unaweza kufika.

Ukitaka kujua hali ya trakta ya zamani, usianze na injini. Asubuhi, kabla haijawashwa, tazama chini ya mgongo wake, pale iliposimama usiku. Doa jeusi ardhini linasema mengi. Shida ni kwamba doa hilo linazoeleka: dereva anaongeza mafuta, anafunga kitambaa, anaenda shambani. Siku inayofuata anafanya vilevile. Mwishoni mwa msimu, mafuta yaliyonunuliwa yanapita kwa mbali bei ya piesi ambayo ingemaliza kazi.

Trakta bondeni, piesi mjini

Bukavu yenyewe si mji wa trakta. Kwenye milima ya Kabare na Walungu, mashamba ni madogo, miteremko ni mikali, na jembe la mkono ndilo linalima. Kazi ya trakta iko chini, katika bonde la Ruzizi: kuanzia Kamanyola, kupitia Luvungi, Luberizi na Sange, hadi Kiliba na Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko ardhi ni tambarare na inazaa mpunga, mahindi, muhogo na miwa. Kiliba ilijulikana mbali kwa kiwanda chake cha sukari, ambacho vita ya 1996 ilikisimamisha kwa miaka mingi.

Lakini piesi na mafundi wa hidroliki wanapatikana kwa urahisi zaidi mjini. Sababu ni kamyo za benne na mashine za kutengeneza barabara. Benne inainuliwa na silinda, kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pompi, kupitia fleksibo ndugu na zile za trakta. Kwa hiyo fundi wa Bukavu anayejua benne anajua tayari nusu ya kazi ya trakta, hata kama hajawahi kulima.

Safari ndiyo ghali. Kutoka Uvira hadi Bukavu ni zaidi ya kilometa 100, na barabara ya taifa nambari 5 inapita Ngomo, mteremko ambao madereva wanauogopa, hasa wakati wa mvua. Kwa miaka mingi wasafiri wengi wamechagua kuzunguka kupitia Rwanda. Tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 iliingia Bukavu na benki zikafungwa, hata kupata pesa taslimu ya kununulia piesi imekuwa kazi nyingine. Mtu akipanda hadi mjini na kurudi na pete isiyofaa, amepoteza nauli na siku zake, na trakta ingali imelala.

Na siku zina bei. Msimu A unaanza mwezi wa 9, mvua zikirudi. Trakta ya kukodisha hailimii mwenyewe peke yake. Inatoka shamba hili inaingia lile, na watu wanangojea zamu. Ikisimama juma moja, wa mwisho kwenye zamu anapanda akiwa amechelewa, na mahindi yake yanaweza kukosa mvua wakati wa kujaza punje. Yeye hajui chochote kuhusu pete ya mpira, lakini ndiye anayelipa.

Rakori inafanya kazi namna gani

Raccord kwa Kifaransa ni kiungo. Hapa tutaandika rakori. Ina sehemu mbili, dume na jike. Kwa kawaida jike limefungwa nyuma ya trakta, na dume liko kwenye ncha ya fleksibo inayotoka kwenye trela ao kwenye chombo cha kulimia. Unasogeza kola ya jike, unaingiza dume, unaachilia kola. Vigololi vidogo vya chuma vinaingia kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka dume na kulishika lisitoke.

Ndani ya kila sehemu kuna mlango mdogo unaosukumwa na resori, kile ambacho Wafaransa wanaita clapet. Dume na jike zikiwa mbali, kila mlango umefungwa na mafuta yanabaki ndani. Zikiungana, milango miwili inasukumana, inafunguka, na mafuta yanapita. Pete ya mpira iko ndani ya mdomo wa jike, imekaa kwenye mfereji wake, imekumbatia pua ya dume. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasitokee katikati ya chuma na chuma.

Si kila kazi ya trakta inapitia hapo. Kwenye trakta kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kuuzwa 1964 na ambayo ingali inafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, jembe la kawaida linainuliwa na mikono ya trakta yenyewe, bila fleksibo. Lakini trela ya kumwaga mzigo, jembe la disiki la kugeuza, na haro kubwa yenye magurudumu yake, vyote vinaomba mafuta kupitia rakori.

Msukumo wa mafuta hayo si wa mchezo. Kwenye trakta nyingi za zamani unafika kati ya bar 140 na 200. Gurudumu la gari dogo lina bar 2 na kitu. Pete hiyo ndogo inazuia nguvu ya karibu mara 70 ao zaidi ya ile ya gurudumu, kila mara dereva anapovuta wenzo.

Pete ya namna hiyo ilipewa hati ya uvumbuzi nchini Marekani 1939, kwa jina la Niels Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark. Tangu hapo iko kila mahali, kuanzia bomba la maji hadi ndege. Uzito wa kazi yake ulionekana na dunia nzima tarehe 28 Januari 1986, wakati chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipasuka hewani na watu 7 wakafa: pete ya mpira ya roketi yake, iliyokuwa imekazwa na baridi, ilishindwa kuziba. Trakta haiendi angani, lakini somo ni lilelile. Kitu kidogo kinachoziba kikishindwa, kikubwa kinaanguka nacho.

Tone moja kila sekunde

Tufanye hesabu. Matone 20 hivi yanatosha kujaza mililita 1. Rakori inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza mililita 180 kwa saa. Kwa siku ya kazi ya saa 8, ni karibu lita 1 na nusu. Kwa juma la siku 6, ni zaidi ya lita 8. Kila mwenye trakta anaweza kuzidisha hizo lita kwa bei ya mafuta ya hidroliki katika soko lake.

Hasara ya pili haionekani. Kwenye trakta nyingi za zamani, ikiwemo Massey Ferguson 135, pompi ya hidroliki inakunywa mafuta yaleyale yanayolainisha gia na ekseli ya nyuma. Yakipungua kupitia rakori, si trela peke yake inayoteseka. Meno ya gia yanaanza kusagana yakiwa makavu. Hapo hatuzungumzi tena juu ya pete, tunazungumza juu ya kufungua trakta katikati.

Hasara ya tatu ni vumbi. Rakori yenye mafuta nje inashika udongo kama gundi. Siku ya kuunganisha, udongo huo unaingia ndani pamoja na dume, unakwenda mpaka kwenye pompi na silinda, na unafanya kazi ya msasa. Na yale yanayodondoka yanaingia kwenye udongo wa mpunga na kwenye mifereji inayoteremka Ruzizi na Ziwa Tanganyika.

Kwanza, linda mkono

Kabla ya kle yoyote, kuna jambo ambalo kila dereva na kila kijana wa garaji anapaswa kulijua. Usitafute tundu la mafuta kwa kidole, wala kwa kiganja, wakati injini inawaka. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa msukumo mkubwa yanatoboa ngozi kama sindano. Mara nyingi mtu anaona alama ndogo tu na maumivu kidogo, anafikiri si kitu. Baada ya saa chache mkono unavimba, kwa sababu mafuta yamesambaa ndani ya nyama. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa kungojea kesho.

Ikitokea, usikamue, usikandie maji ya moto, usingojee. Nenda hospitali saa ileile, na umwambie daktari wazi kwamba mafuta ya mashine yameingia chini ya ngozi kwa nguvu. Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kidonda chenyewe kitamdanganya: kinaonekana kama mchomo wa mwiba, lakini kinahitaji upasuaji wa haraka.

Ili kutafuta tundu, tumia kipande cha kartoni. Kipitishe polepole kandokando ya fleksibo na rakori, uso ukiwa mbali. Doa la mafuta litaonyesha mahali. Na kabla ya kufungua chochote, teremsha mzigo hadi chini, zima injini, kisha vuta na kusukuma wenzo wa hidroliki mara kadhaa ili msukumo uliobaki uishe. Usiingie kamwe chini ya benne ao trela iliyoinuliwa na mafuta peke yake. Ikibidi kufanya kazi huko, weka nguzo ya chuma ya kuishikilia.

Sehemu 4 za kutazama

Kosa la kwanza la matengenezo ni kubadilisha kitu kabla ya kujua kinachovuja. Osha rakori yote kwa petroli na brashi, ipanguse ikauke, unganisha fleksibo, washa injini, vuta wenzo mara moja, zima, kisha tazama. Mafuta mapya yataonyesha njia yao.

Yakitoka katikati ya dume na jike wakati zimeungana, pete ya jike imechakaa, ao pua ya dume ina mikwaruzo. Hii ndiyo hali ya mara nyingi.

Yakitoka kwenye mdomo wakati fleksibo imeondolewa, pete haina kosa. Ni clapet isiyofunga: kuna uchafu kwenye kiti chake, ao resori imechoka, ao chuma kimepondwa.

Yakitoka nyuma ya rakori, pale inapokazwa kwenye trakta ao kwenye fleksibo, tazama meno ya kukazia na washa yake.

Yakitoka pale ambapo chuma cha ncha kinakumbatia mpira wa fleksibo, ao kwenye mpira wenyewe, fleksibo imekwisha. Hakuna pete itakayoiponya. Kata na ukaze ncha mpya kwa mashine kama sehemu iliyobaki ni nzima na ndefu ya kutosha. Kama mpira umepasuka ao nyuzi za chuma zinaonekana, nunua nyingine.

Kubadilisha pete, hatua kwa hatua

Ikiwa kosa ni la pete, kazi inaweza kufanyika kando ya shamba, ikiwa mahali ni safi. Tandika kitambaa chini. Safisha nje ya jike mpaka usione tena udongo, ndipo uguse ndani.

Tazama ndani ya mdomo kwa mwangaza wa simu. Utaona mfereji wenye pete nyeusi. Kwenye rakori nyingi kuna pete ya pili pembeni yake, ngumu na nyembamba, mara nyingi nyeupe. Hiyo si uchafu. Kazi yake ni kuzuia pete ya mpira isisukumwe na mafuta kuingia kwenye nafasi ndogo kati ya vyuma na kukatika. Angalia iko upande gani kabla ya kuitoa. Kanuni ni rahisi: mafuta yanasukuma kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo pete ngumu inakaa upande wa mdomo, nyuma ya pete ya mpira. Ukiigeuza, pete mpya haitadumu.

Toa pete ya zamani kwa kitu chenye ncha isiyokata, kwa mfano ncha ya mbao ngumu ao ya shaba. Turnavisi ya chuma inaweza kukwaruza mfereji, na mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha mafuta hata pete ikiwa mpya. Panguse mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pete mpya ipake mafuta safi ya hidroliki, usiioshe kwa esanse. Ikunje taratibu kwa umbo la figo, iingize, kisha ipapase kwa kidole uhakikishe imekaa pande zote bila kujikunja.

Sasa shika dume. Pitisha ukucha kwenye pua yake, pale pete inapomkumbatia. Ukucha ukikwama, dume ndilo lililokula pete ya kwanza na litakula ya pili pia. Mkwaruzo mwepesi unaweza kulainishwa kwa msasa laini kabisa uliolowa mafuta, kwa kuzunguka na si kwa kwenda mbele na nyuma. Mfereji wa kina ao kutu ya mashimo hautengenezeki. Badilisha dume. Vivyo hivyo, kama dume linacheza ndani ya jike hata likiwa limefungwa, vigololi na mfereji vimekwisha, na ni lazima kubadilisha pande zote mbili.

Mwishoni, unganisha, washa injini, inua mzigo mwepesi mara kadhaa, zima, tazama. Kisha pima mafuta ya trakta na uongeze yaliyopungua, ya aina ileile iliyoandikwa na mtengenezaji.

Ujanja unaomaliza trakta

Penye ukosefu wa piesi, watu wanabuni. Ubunifu huo umeokoa magari mengi katika nchi hii. Lakini kuna mbinu 4 ambazo kwenye hidroliki zinaua.

Ya kwanza ni kukata pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Inaonekana sawa, inaziba siku ya kwanza. Lakini mpira huo ulitengenezwa kushika hewa, si mafuta. Ukikaa ndani ya mafuta ya madini unavimba, unalainika na kumeguka, na vipande vinakwenda kwenye njia ya mafuta. Pete ya hidroliki inatengenezwa kwa mpira mwingine, nitrile, unaovumilia mafuta hayo.

Ya pili ni kuzungusha utepe mweupe wa teflon kila mahali. Utepe huo una mahali pake, kwenye meno yanayopungua upana kuelekea ncha. Kwenye rakori zinazozibwa na washa ao pete hausaidii kitu, na nyuzi zake zinakatika na kukwama kwenye clapet. Hapo umetengeneza tundu la pili kwa kuziba la kwanza.

Ya tatu ni kupiga kwa nyundo. Kila dereva anajua hali hii: trela imekaa juani, mafuta ndani ya fleksibo yamepanuka, dume linakataa kuingia. Anaweka clapet juu ya jiwe na kuipiga ili msukumo utoke. Msukumo unatoka kweli, kwa kasi na pengine kuelekea usoni, lakini ncha ya clapet imepondwa na haitafunga tena vizuri. Njia nzuri ni kuzuia: kabla ya kutenganisha, teremsha mzigo, zima injini, cheza na wenzo mpaka msukumo uishe, ndipo uvute fleksibo. Na uiweke kivulini.

Ya nne ni kujaza mafuta yoyote yaliyopo. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika yana masizi na unga wa chuma. Mafuta ya breki yanaharibu mpira wa nitrile. Lita moja ya bure inaweza kuharibu pete zote za trakta kwa mara moja.

Unaponunua mjini

Anayepanda Bukavu kutafuta piesi asiende na maneno matupu. Achukue rakori yenyewe, dume na jike, zikiwa zimefungwa ndani ya mfuko safi. Dukani aulize joint torique ya nitrile, inayoandikwa pia NBR. Asitegemee pete ya zamani peke yake kwa kupima, kwa sababu imekwisha kubanwa na kupoteza umbo. Apime mfereji, ao ajaribu pete mpya papo hapo ndani ya jike na kuingiza dume. Ikiingia bila nguvu yoyote, ni ndogo. Ikikatwa na dume, ni kubwa. Na asinunue moja. Pete ni nyepesi, haiozi upesi ikiwekwa gizani, na pete 5 ndani ya kopo zinaokoa safari 5.

Kama ni rakori nzima, ajue kwamba hazifanani zote. Trakta nyingi za kisasa zinatumia umbo moja, linaloandikwa ISO 7241-1 A, la ukubwa wa nusu inchi. Lakini baadhi ya watengenezaji wa zamani walikuwa na maumbo yao wenyewe, ambayo hayaungani na hilo. Mara nyingi ni busara zaidi kubadilisha jike za trakta na dume za vyombo vyote kwa umbo la kawaida, kuliko kutafuta kila mwaka piesi ambayo haitengenezwi tena.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye meno ya kukazia. Meno ya Kiingereza, BSP, na meno ya Kimarekani, NPT, kwa ukubwa wa nusu inchi yote yana meno 14 kwa inchi moja. Yanaingiana, yanakaza, fundi anafurahi. Lakini pembe ya meno ni digrii 55 kwa moja na 60 kwa lingine, kwa hiyo hayakumbatiani vizuri na mafuta yanapenya. Kukaza zaidi kunapasua chuma. Ukiona rakori mpya inayovuja kwenye meno, shuku hilo kwanza. Kwa BSP iliyonyooka, dawa ni washa ya chuma yenye mpira ndani, si utepe.

Kwa fleksibo, soma maandishi yaliyo juu ya mpira. Ile ya nusu inchi iliyoandikwa 1SN ina wavu mmoja wa chuma na imepimwa kwa kazi ya bar 160. Ile ya 2SN ina nyavu mbili na inafika bar 275. Kwa trakta yenye bar 180, ya kwanza ni mpya na inang'aa, lakini haifai. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Mpira uliokaa miaka mingi juani mbele ya duka umezeeka bila kufanya kazi hata siku moja.

Kofia ndogo

Kazi yote hii inaweza kurudi sifuri kwa kukosa kitu kimoja: kofia ya rakori. Mtengenezaji anaiweka, ya plastiki ao ya mpira, ili kufunika jike na dume zinapokuwa hazikuungana. Ni ya kwanza kupotea. Baada ya hapo jike linabaki wazi nyuma ya trakta, likipokea vumbi la barabara ya Sange wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na dume linaburutwa chini nyuma ya trela.

Kofia ikikosekana, kifuniko cha chupa kinachobana vizuri, ao mfuko mzito wa plastiki uliofungwa kwa mpira, vinafaa. Hapo ubunifu unaruhusiwa. Kabla ya kila kuunganisha, kitambaa safi kipite kwenye dume na ndani ya mdomo wa jike. Ni kazi ya nusu dakika. Mwenye trakta anayemlipa dereva kwa eka zilizolimwa afikirie kumpa pia kitambaa na dakika hiyo, na kuangalia doa la asubuhi pamoja naye. Siku ambayo ardhi chini ya trakta imeamka kavu, trela itainuka, gia zitakuwa na mafuta yao, na yule wa mwisho kwenye zamu atapanda kwa wakati.